Breki kwanza, rangi mwisho: neno langu kwa kijana mwenye gari la mjomba

Wiki hii naomba tuweke pembeni kantangaze na ukungu wa nyanya, tuongee habari ya gari. Najua wengine mtasema bwana shamba kaacha jembe kashika spana. Nivumilieni. Mazao yasiyofika sokoni ni majani tu, na huku kwetu Uluguru safari ya kutoka shambani hadi barabara kuu ndiyo inayokula faida ya vijana wengi.

Juzi kijana mmoja wa upande wa Nyandira alinifuata ofisini. "Shikamoo bwana shamba." "Marahaba, karibu, kabichi zinasemaje?" Akacheka, akatoa simu. Nikadhani ananionyesha jani lenye ugonjwa. Kumbe ni picha ya pikapu, Land Rover 109 ya zamani, imekaa chini ya mparachichi miaka na miaka, nyasi zimeota mpaka kwenye bampa. Mjomba wake amemwambia, ukiweza kuliwasha, chukua. Kijana ameuza karoti na kabichi, ana akiba yake safi kabisa. Swali lake lilikuwa moja: "Fundi rangi anasema kwa milioni moja na nusu linang'aa kama jipya. Nianze?"

Nikamwambia usianze. Uso ukamshuka. Aliondoka hajaridhika, nami nikabaki najiona sikumtendea haki, maana nilimpa jibu bila sababu. Leo natoa sababu, kwake na kwa kila kijana mwenye gari la namna hiyo, iwe Land Rover, Land Cruiser mkonga au Hilux ya enzi zile.

Msimamo wangu ni huu. Pikapu kuukuu inaweza kuwa chombo kizuri cha kazi kwa mkulima wa biashara, na siungani na wenzangu wanaowaambia vijana kwamba gari ni mdudu anayekula mtaji. Lakini kuna utaratibu: karatasi kwanza, halafu chesisi, halafu breki na usukani, halafu injini na taa. Rangi inakuja mwisho. Ukiugeuza huo utaratibu utapoteza pesa, na pengine zaidi ya pesa.

Kosa langu mwenyewe

Hili sijawahi kuliandika hapa, ila bila kulisema ushauri wangu utakuwa wa kitabuni.

Nilipoanza kazi milimani nilinunua pikapu ya zamani kwa mzee mmoja aliyestaafu. Rangi ilikuwa imefifia, imekuwa kama chokaa, ukipitisha kidole unga unabaki mkononi. Nilikuwa kijana, nikaona aibu kuingia nalo kijijini. Nikalipeleka kwa fundi rangi mjini. Likatoka linang'aa, watu wakanipigia makofi. Wiki ya tatu chesisi ikaonekana imeoza karibu na kiti cha springi, ikabidi ichomelewe. Moto wa kuchomelea ukaunguza rangi mpya ubavu mzima. Mwezi uliofuata masta silinda ikavuja, maji ya breki yakamwagikia bodi, na maji ya breki yanakula rangi kama tindikali. Nilibaki na gari lenye mabaka, na mfuko mtupu.

Hiyo ilikuwa hasara ya pesa. Siku moja nikawa nateremka na mzigo wa njegere na karoti, na juu ya mzigo nimemkubalia mama mmoja apande, mwenye njegere zake, maana alikuwa ametembea tangu alfajiri. Kwenye mteremko mrefu nikakanyaga breki mara ya kwanza, ikakamata. Mara ya pili ikazama nusu. Mara ya tatu pedali ikagusa sakafu. Nilichofanya ni kurudisha gia na kulibana gari kwenye ukingo wa upande wa mlima, likakwaruza udongo mpaka likasimama. Upande wa pili kulikuwa na bonde. Yule mama alishuka, akajipangusa vumbi, akaniambia tu, "Mwanangu, gari lako zuri, lakini halisimami."

Maneno hayo bado ninayo. Gari lilikuwa zuri kwa sababu pesa yote niliipeleka kwenye uzuri. Na mama wa watu kukaa juu ya mzigo, hilo lilikuwa kosa langu kamili, si la gari wala la barabara.

Kwa nini magari haya bado yapo

Mzungu wa kiwanda cha Rover hakuitengeneza Land Rover akifikiria Mgeta, lakini ilikuwa kama aliifikiria. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao, aluminiamu ilipatikana kwa urahisi, basi bodi ikafanywa ya aluminiamu na chesisi ikabaki ya chuma. Hiyo 109 ni inchi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kama sentimita 277. Toleo la tatu lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kwa hiyo hata 109 iliyo changa kabisa leo ina umri wa kumzidi kijana aliyenijia ofisini.

Uzuri wake ni kwamba haina siri. Springi za chuma, breki za dramu magurudumu yote manne, injini ya silinda nne ambayo fundi wa Langali anaifungua kwa spana na akili yake, bila kompyuta. Na kwa kuwa lipo tayari nchini, huingii kwenye habari za bandari na kodi ya uchakavu.

Lakini ukuukuu una bei yake. Wazee wetu waliwahi kuiona hapo jirani tu, Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kwa macho ilikuwa jeshi la mashine. Kwenye kazi, mengi yaliharibika mapema, vipuri havikuwepo, mafundi hawakutosha, na ardhi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Mwaka 1951 mpango ukafungwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wale walikuwa na serikali nyuma yao. Wewe una akiba ya karoti. Kabla hujagusa gari kuukuu jiulize: fundi wake yuko wapi, na vipuri vyake vinapatikana wapi? Kama jibu ni "tutaona huko mbele," liache chini ya mti.

Piga hesabu kabla ya kupiga rangi

Hebu tuchukue daftari. Namba hizi ni za mfano, weka zako.

Chukulia mko vijana watano, mnatoa magunia 40 kwa wiki. Kukodi usafiri kutoka kijijini mpaka kwa mnunuzi ni shilingi 5,000 kwa gunia. Kwa wiki mnalipa 200,000. Msimu wa wiki 12 ni 2,400,000.

Sasa mna pikapu yenu. Gari la namna hii lisibebe zaidi ya tani moja, na kwenye miteremko yetu napenda libebe pungufu, tuseme magunia 8. Hizo ni safari 5 kwa wiki, safari 60 kwa msimu. Kama kwenda na kurudi ni kilomita 50, na milimani linatembea kilomita 6 kwa lita, kila safari inakula lita 8 na kidogo. Kwa mafuta ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni kama 25,000. Mara 60, ni 1,500,000.

Tofauti ni 900,000. Hapo bado hujalipa dereva, oili, tairi, bima wala fundi. Kwa wiki 12 peke yake gari halijilipi, na mwenzangu anayesema gari linakula mtaji yuko sahihi kabisa.

Ila tazama mambo matatu. La kwanza, ukanda wa Mgeta watu wanamwagilia kwa mifereji, hawalimi msimu mmoja. Wiki 24 zinakupa tofauti ya 1,800,000. La pili, gari likirudi tupu ni hasara. Likirudi na mbolea, mbegu na samadi za kikundi, nauli ambayo mngelipa inabaki kwenu. La tatu, na kwangu ndilo kubwa: nani anapanga siku ya kuvuna? Leo dalali akichelewa siku mbili, nyanya zako zinaiva kwenye tenga kando ya barabara, mvua inanyesha, na bei inashuka huku unatazama. Mwenye gari anavuna siku anayotaka, anashuka Soko Kuu la Chifu Kingalu alfajiri, au anakutana na Fuso la Dar es Salaam akiwa na mzigo mbichi.

Kwa hiyo jibu langu si "nunua" wala "usinunue". Mwenye robo eka ya nyanya peke yake akodi, aendelee na maisha. Kikundi chenye mboga mwaka mzima kinaweza kuwa na pikapu, alimradi kuna daftari la gari. Kila lita, kila gunia, kila nati, iandikwe. Bila daftari hata Land Cruiser jipya litakufilisi.

Kadi, mjomba na wapwa

Gari likiwa bovu chini ya mparachichi halina mwenyewe. Siku likiwaka, wapwa wanatokea kumi. Nyie Waluguru mnaijua hii kuliko mimi, mali kwenu inafuata uko wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Lakini neno la mdomo la mjomba leo, kesho mjomba hayupo, kila mpwa ana la kwake.

Fanyeni hivi. Mjomba aite ndugu wa ukoo wanaohusika, iandikwe kwamba gari amepewa nani, washuhudie, na ofisi ya kijiji igonge muhuri. Kisha tafuta kadi ya gari. Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile za kwenye kadi kabla hujanunua hata boliti. Magari mengi ya aina hii yamebadilishwa injini, utakuta Land Rover tumboni ina injini ya Toyota au Nissan. Kubadilisha si dhambi, ila kadi lazima iseme ukweli. Kama jina kwenye kadi ni la mtu aliyefariki au la mmiliki wa zamani asiyejulikana alipo, nenda TRA uulize kabla, usiende baada ya kumaliza pesa. Gari lisiloweza kuhamishwa jina ni chuma chakavu kilichopakwa rangi.

Ukishamaliza hapo: bima, angalau ile ya mtu wa tatu, ndiyo ya lazima kisheria. Ukibeba mizigo ya wengine kwa malipo, nenda LATRA ukaulizie leseni ya usafirishaji. Wale wa zamani wanaouliza habari za ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, hiyo ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta. Usikubali mtu akuuzie.

Kwa gari la kikundi, kadi ikae kwa jina moja mlilokubaliana, na mkataba useme kila mmoja kaweka kiasi gani na akitoka analipwa vipi. Nimeona vikundi vizuri vya kilimo vikivunjika kwa sababu ya gari, si kwa sababu ya mboga.

Ingia chini ya gari

Bodi ya Land Rover inadanganya. Aluminiamu haioti kutu kama chuma, kwa hiyo juu unaona gari zima, wakati chini chesisi inakwisha. Chesisi yake ni kama bomba la pembe nne. Tope linaingia ndani, unyevu wa milima haukauki, kutu inaanzia ndani kuja nje. Ukiiona nje, ndani ilishaanza zamani.

Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito kama unagonga gogo bichi. Tilia mkazo sehemu zinazoshika springi na ile nguzo ya nyuma kabisa inayobeba mzigo. Chokonoa kwa bisibisi. Ikizama, paoza. Hapo usikubali fundi abandike bati jembamba juu ya kutu. Akate mpaka afike kwenye chuma kizima, achomelee chuma cha unene uleule, na kabla hajaanza atoe waya za betri na aangalie tangi la mafuta liko wapi.

Kama chesisi imeoza pande zote, nakushauri uachane nalo. Uchungu wa kuliacha leo ni mdogo.

Springi: jani lililovunjika libadilishwe, na yubolti zikazwe. Usiongeze majani ili ubebe lumbesa. Gunia la lumbesa linamuumiza mkulima kwenye bei, na linaua gari pia, maana ukiongeza springi, dramu za breki zinabaki zilezile.

Breki, usukani, tairi

Kanyaga pedali ya breki, ishikilie kwa nguvu ukihesabu mpaka sitini. Ikizama polepole, kuna uvujaji au masta silinda imechoka. Ikitaka upampu mara mbili tatu ndipo ishike, kuna hewa ndani au viatu vya breki viko mbali na dramu. Fungua dramu zote nne. Ukikuta wilsilinda moja inavuja, badili mipira ya zote, hizo nyingine ni za umri uleule. Viatu vilivyolowa maji ya breki au oili ya difu havifai, usivikaushe juani ukavirudisha.

Maji ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. Yakiwa na maji ndani na ukateremka mteremko mrefu, joto la dramu linayachemsha, mvuke unajaa kwenye mabomba, na mvuke unabanyika. Ndiyo maana pedali yangu iligusa sakafu siku ile. Yamwage yote, weka mapya, rudia angalau kila baada ya miaka miwili. Na tafadhali, nimeona watu wanajazia maji ya sabuni au oili ya injini. Oili inavimbisha mipira yote ya breki ikaharibika. Huko ni kujichimbia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: handibreki ya 109 haikamati magurudumu. Inakamata shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Ni ya kuegeshea, si ya kukusaidia ukiwa unatembea. Na eksili ya ndani ikikatika, handibreki haishiki kitu. Kwa hiyo ukipakia kwenye mteremko, weka jiwe au kigingi nyuma ya tairi kila siku, hata kama unaliamini gari lako.

Usukani ukizunguka nusu duara kabla tairi hazijageuka, tairodi zimeisha. Tairi vipara usizipeleke milimani, na tairi za kuchongwa upya usizinunue hata kwa bei ya bure. Taa zote, indiketa, honi, waipa, kifaa cha kuzimia moto, pembetatu za tahadhari. Vyote hivyo vikikamilika, lipeleke kwa mkaguzi wa magari wa polisi kwa hiari yako kabla hujasimamishwa barabarani.

Na dereva naye ana kanuni yake: mteremko unashukwa kwa gia ileile ambayo ungepandia. Ukivuka mto, kanyaga breki kidogokidogo huku unatembea ili dramu zikauke. Watu hawapandi juu ya mzigo. Hata mama aliyetembea tangu alfajiri. Kama unamhurumia, mpe kiti cha mbele.

Haya, sasa rangi

Umefika hapa na gari linasimama, lina karatasi, linawaka. Sasa nakuruhusu, na nitakwambia kwa nini rangi si urembo tu. Rangi inazuia maji kugusa chuma. Gari safi mnunuzi analiamini, anajua mboga zake hazikupakiwa kwenye uchafu. Na ukweli tuseme, kijana anayeendesha kitu kinachomtia moyo anakitunza.

Kwanza angalia kama unahitaji rangi mpya kweli. Rangi iliyofifia na kutoa unga mara nyingi imekufa juu tu. Osha gari kwa sabuni, kausha, kisha kwenye sehemu ndogo sugua kwa kompaundi ya kung'arishia na kitambaa safi. Ikirudisha rangi yake, sugua gari zima, maliza kwa nta. Umeokoa sehemu kubwa ya ile milioni na nusu.

Kama imebanduka hadi chuma kinaonekana, piga upya, ila uifuate hatua kwa hatua. Toa grisi na oili kwanza kwa tina, maana ukipiga msasa juu ya grisi unaisukumia ndani. Msasa uanze mkavu wa wastani, umalizie mwembamba wa maji. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo msasa wa maji ni bora kuliko vumbi kavu, na watoto wasiwe karibu. Penye aluminiamu tupu, praima ya kawaida haishiki vizuri, itabanduka kama ganda la kitunguu. Omba praima maalumu ya aluminiamu. Penye chuma, brashi ya waya, dawa ya kuzuia kutu, ndipo praima. Puti iwe nyembamba, ya kusawazisha. Ukiona fundi anajaza puti nene kama ugali, itapasuka safari ya tatu ya Nyandira.

Jaribu rangi ya zamani kwa kitambaa chenye tina. Ikiyeyuka na kutoka, usipige juu yake rangi ya kuchanganya na hadina bila kuiondoa au kuizuia kwa praima inayofaa, vinginevyo itajikunja. Na hizo rangi za hadina zina kemikali zinazoshambulia mapafu. Fundi avae barakoa yenye vichujio, kitambaa cha puani hakisaidii kitu.

Wakati nao una maana. Usipulizie rangi masika, Machi hadi Mei, wala asubuhi ya ukungu. Unyevu unaifanya rangi iwe na utando mweupe. Kiangazi, kuanzia Juni, saa nne asubuhi umande ukishakauka, ndiyo wakati. Kompresa imwagwe maji kabla ya kuanza. Chini ya gari na ndani ya chesisi pulizia kinga ya kutu, huko ndiko rangi inakofanya kazi kuliko ubavuni.

Rangi gani? Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi. Ukirudishia ileile, umejiepusha na safari za polisi na TRA. Ukibadili, fuata utaratibu. Na sehemu ya mizigo itandike mbao au turubai safi, wala usibebe viuatilifu pamoja na mboga, hata siku moja.

Neno la mwisho

Mimi ni bwana shamba, na milima hii imenifundisha kutokulazimisha. Mwaka 1955 watu wa Matombo walisimama kupinga matuta ya ngazi waliyoamrishwa na wakoloni kuyachimba. Ushauri, hata ukiwa na nia njema, ukija na fimbo haushiki. Kwa hiyo wewe kijana wangu wa Nyandira, pesa ni yako, gari ni lako, au litakuwa lako mjomba akishatia sahihi.

Ninachokuomba ni kimoja. Jumamosi hii, kabla hujamtafuta fundi rangi, fyeka zile nyasi, lala chini ya gari na nyundo, ugonge. Kisha nipigie uniambie chesisi imelia vipi. Ikilia vizuri, nitapanda mwenyewe na suruali ya kazi tufungue dramu pamoja. Na siku litakaposhuka na kabichi za kwanza likasimama pale unapotaka lisimame, rangi nitachangia kopo moja.

Kazi njema, na safari njema.